Kabla Hujalipa, Igeuze Uisome Mgongoni

 

Leo nataka tuzungumzie ununuzi unaowatia watu hasara kimyakimya: risiva ya sauti ya mzunguko kwa ajili ya sinema ya nyumbani. Sisemi risiva ya dishi. Nasema lile sanduku zito linalokaa chini ya runinga, linalopokea sauti na kuigawa: maneno yanakwenda spika ya katikati, muziki kushoto na kulia, helikopta inapita nyuma ya kochi, na mngurumo unaachiwa sabufa.

Ukiingia duka la vyombo vya muziki pale Kariakoo, mapokezi unayajua. Muuzaji anawasha mashine, taa za buluu zinacheza, anachagua wimbo wenye besi ya kutetemesha vioo vya kabati, kisha anakusogelea sikioni maana vinginevyo hasikiki: "Bosi wangu, hii ni wati elfu moja mia mbili. Inapiga balaa!" Na wewe, kwa kuwa umekuja na hela mfukoni na hamu moyoni, unaanza kutikisa kichwa.

Mimi nakushauri umwombe azime muziki, achomoe waya, aigeuze mashine uitazame mgongoni. Uso wa risiva umetengenezwa ukuvutie. Mgongo umeandikwa kwa ajili ya fundi na mkaguzi wa usalama wa umeme, watu wawili wasiopenda mzaha, ndiyo maana huko nyuma kuna ukweli mwingi kuliko mbele. Washa tochi ya simu, usione haya.

Anza na kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Tanzania tunatumia volti 230, hezi 50. Risiva iliyotengenezwa kwa soko la Marekani imeandikwa volti 120. Ya Japani imeandikwa volti 100. Kwenye rafu ya mtumba unaweza kukuta Yamaha ya Uingereza imekaa bega kwa bega na Yamaha ya Japani, zote nyeusi, zote zimepanguswa vumbi, na muuzaji mwenyewe hajui ipi ni ipi. Ile ya Uingereza ni ya kwetu kabisa: umeme wake ni uleule, na hata plagi ni hii hii ya pini tatu bapa. Ile ya Japani ukiichomeka ukutani moja kwa moja inapokea zaidi ya mara mbili ya volti ilizoundiwa, na ukibahatika fyuzi ndiyo itakayokufa peke yake.

Kuna maandishi mengine hapo yanayowapoteza watu. Mashine ya Japani mara nyingi imeandikwa hezi 50/60, na mnunuzi akiona 50 anadhani mambo yamekwisha. Nchi ile ina mifumo miwili ya umeme tangu karne ya 19. Tokyo ilianza na majenereta ya Ujerumani ya hezi 50, Osaka ikachukua ya Marekani ya hezi 60, na mpaka leo mashariki na magharibi hawajakubaliana. Kwa hiyo mashine yao inakubali hezi zote mbili, lakini volti ni 100 tu. Ukiipenda hivyohivyo, nunua transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi kwa mbali wati zilizoandikwa kwenye kibandiko, na bei yake uihesabu ndani ya bei ya risiva. Mara nyingi ukishajumlisha, ule unafuu wa mtumba umeyeyuka.

Kibandiko hichohicho kinataja wati, na hapa naomba tukae kidogo.

Tuseme boksi limeandikwa wati 175 mara 7. Zidisha, utapata 1,225. Hizo ndizo "elfu moja mia mbili" ulizonong'onezwa. Sasa soma mgongoni: matumizi ya umeme, wati 430. Mashine inayovuta 430 ukutani itatoaje 1,225 kwenye spika? Tuwe waadilifu kwa mtengenezaji: ile 430 hupimwa mashine ikiwa kwenye kazi ya wastani, haijakamuliwa mpaka mwisho. Kwa sekunde chache, mlipuko ukitokea kwenye filamu, inaweza kuvuta zaidi. Lakini na ile 175 imepatikanaje? Tafuta maandishi madogo kwenye kitabu cha maelekezo. Utakuta: njia moja tu ndiyo iliyofanya kazi, spika ya omu 6, sauti ya hezi 1,000 pekee, upotoshaji asilimia 10. Yaani wamezinyamazisha njia sita, wakachagua sauti iliyo nyepesi kwa mashine, wakaiacha ikwaruze mpaka moja ya kumi ya kinachotoka ni takataka, ndipo wakasoma mita. Risiva ya aina hiyo ukiipima kistaarabu, njia mbili kwa pamoja, omu 8, kuanzia hezi 20 mpaka 20,000, upotoshaji chini ya asilimia 0.1, utaikuta kwenye 80 hivi. Ni 80 za kweli, zinatosha kabisa. Kwa nini tusiuziwe kwa jina lake?

Na hata hizo 80 ni kwa njia mbili. Ndani ya risiva kuna transfoma moja inayolisha njia zote, tangi moja lenye mabomba saba: ukifungua moja maji yanaruka, ukifungua yote saba kila mtu anapata kidogo.

Tusiwaonee watu wa Kariakoo, mchezo huu haukuanzia kwao. Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara iliweka kanuni ya kutangaza wati tangu 1974, watengenezaji wa stirio walipokuwa wakishindana kutunga namba. Risiva za njia nyingi zilipokuja zikapata upenyo, na mwaka 2024 tume hiyo ikarudi kuikaza kanuni ili wote wapime kwa masharti yaleyale. Sisi huku bado tunaletewa maboksi yenye herufi PMPO na namba zenye sifuri nyingi. Ukiona herufi hizo nne, rudisha hela mfukoni, endelea na safari.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba wati nyingi hata huzihitaji. Sikio halihesabu wati moja moja. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, ongezeko unalolisikia lakini si la kumwamsha jirani. Kutoka wati 75 mpaka 100, tofauti inayowafanya watu waongeze laki kadhaa, ni kama desibeli moja na robo. Humo hamna kitu. Sasa igeuze spika nayo, usome mgongoni kwake. Kuna namba inaitwa usikivu, imeandikwa kwa desibeli, ikieleza spika inatoa sauti kiasi gani kwa wati moja, kwa umbali wa mita moja. Spika yenye 89 ikilishwa wati 50 inasikika sawa na yenye 86 iliyolishwa wati 100. Kwa maneno mengine, spika nzuri imekupa risiva ya pili bure. Na kwenye sebule ya kawaida, ukiwa umekaa mita 3 hivi, spika kama hiyo kwa wati moja tu inafika karibu desibeli 80, sauti ambayo mtu akitaka kukusemesha lazima apaaze yake. Zile wati nyingine ni akiba ya milipuko.

Ndiyo maana nasema, ukiwa na fungu la hela, sehemu kubwa iende kwenye spika. Risiva inazeeka kila wanapobadilisha teknolojia. Spika nzuri utamrithisha mtoto.

Kabla hujaachana na suala la nguvu, inyanyue mashine. Najua inachekesha, lakini uzito hausemi uongo. Transfoma ni chuma na shaba. Risiva ya kawaida ina kilo 8 au 9, zile zenye misuli zinapita 12. Ukinyanyua kitu kinachojiita wati 1,200 na kikaja juu kwa mkono mmoja, umeshapata jibu.

Sasa tazama matundu ya spika. Pembeni yake pameandikwa omu, mara nyingi 4 mpaka 16 au 6 mpaka 16. Tafsiri yake nyumbani ni hii: usikubali fundi akuunganishie spika mbili za omu 8 kwenye tundu moja kisha aongeze nyingine mbili "ili mziki ujae". Mbili sambamba zinakuwa omu 4. Nne zinakuwa 2, na hapo risiva itajizima kujilinda katikati ya sherehe, au itaungua, inategemea ubora wa ulinzi wake. Na waya wa spika usinunue ule mwembamba unaokuja bure. Waya laini wa milimita 1.5 au 2.5 wa shaba halisi unatosha, hauhitaji jina kubwa. Kwanza ukwangue kwa wembe: ukiona weupe ndani ya uzi, huo ni alumini uliopakwa shaba, mwachie mwenyewe.

Matundu yenyewe ni mangapi? Watu wanashindana hapa pia. Tano, saba, tisa, kumi na moja. Mfumo wa 5.1 ni spika tano na sabufa moja. Ule wa 7.1 unaongeza mbili za nyuma kabisa, na hizo zinataka nafasi nyuma ya kochi. Mimi nimeingia sebule nyingi za mji huu, na kochi liko ukutani. Limegusa ukuta, tena juu yake pametundikwa picha ya harusi. Spika za nyuma utaziweka wapi, chumbani? Kwa sebule kama hiyo 5.1 imetosha, spika mbili za ubavuni zikae kando ya kochi au nyuma yake kidogo, juu ya usawa wa masikio kiasi. Ukiwa na njia mbili za ziada, zipeleke darini. Hiyo ndiyo Dolby Atmos, iliyoingia kwenye kumbi za sinema mwaka 2012 na filamu ya Brave, ikaingia majumbani 2014: sauti inatoka na juu, mvua inanyesha juu ya kichwa chako. Ni kitu kizuri, sitakuficha. Ila kama nyumba yako ni ya bati bila dari, basi subiri masika. Hakuna risiva itakayoshindana nayo.

Nimeacha spika ya katikati kwa makusudi, maana hiyo ndiyo ninayoipigania. Kwenye filamu iliyochanganywa kwa njia tano, sehemu kubwa ya mazungumzo imewekwa pale katikati. Mtu anayenunua risiva ya gharama, spika ndefu mbili za mbele zenye kung'aa, halafu katikati akabandika kaspika ka kutoka seti ya zamani, ndiye huyo unayemsikia analalamika: milipuko inamtoa roho, maneno hayasikiki. Anaongeza sauti apate maneno, bunduki zinalia, watoto wanaamka, anapunguza, maneno yanapotea. Usiku kucha rimoti haitulii.

Dawa iko kwenye menyu. Kila risiva ya sauti ya mzunguko inakuruhusu kupandisha njia ya katikati peke yake. Ipandishe desibeli 2 au 3, usikilize tena. Kisha tafuta hali ya usiku, ambayo kila mtengenezaji anaipa jina lake. Kazi yake ni kupunguza pengo kati ya mnong'ono na mlipuko. Wapenzi wa sinema wanaikwepa wakisema inaharibu kazi ya msanii. Waacheni. Wengi wetu tunaishi nyumba za kupanga ambazo ukuta unaishia kwenye dari na juu ya dari ni uwazi mmoja mpaka chumba cha mwisho. Besi inasafiri humo mpaka kwa mzee wa chumba cha sita. Msanii atatusamehe.

Basi ukienda kujaribu risiva dukani usijaribu kwa wimbo wenye besi. Beba filamu kwenye flashi, tafuta mahali watu wawili wanazungumza taratibu, kuna mvua au gari nyuma yao. Kaa mbali, ufumbe macho. Ukiwasikia neno kwa neno bila kujikunja, una mashine na una spika.

Hapo nimekumbuka jambo linalotuhusu sisi hasa. Watu wetu wengi wanatazama sinema za kutafsiriwa, zile zilizoanza enzi za mabanda ya video, akina Lufufu hapa kwetu, na Kenya DJ Afro mpaka leo. Msimulizi anazungumza juu ya filamu, na mchanganyiko unaotoka ni wa njia mbili tu. Zile njia tano za Hollywood zimekwisha kuyeyushwa. Mtu akiicheza kwenye risiva mpya anashangaa spika za nyuma ziko kimya, anamrudia muuzaji kwa ugomvi. Mashine ni nzima. Bonyeza kitufe cha kubadilisha hali ya sauti mpaka uone Dolby Surround au Neural:X. Hapo risiva inafanya kazi ya kuchambua: inatafuta sauti iliyo sawasawa kushoto na kulia na kuipeleka katikati, iliyobaki inaisambaza pembeni. Na msimulizi kwa kawaida ametiwa sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo anakwenda kukaa katikati, mbele ya runinga, na vita ya Rambo inamzunguka. Sidhani wahandisi wa Dolby walimfikiria Lufufu walipobuni Pro Logic, mtangulizi wa hiyo Dolby Surround, mwaka 1987, lakini imemkaa vizuri kuliko walivyokusudia.

Kwa taarabu fanya kinyume chake. Taarabu na bongo fleva zimerekodiwa kwa njia mbili, ziache zitoke mbili. Weka hali ya stirio, zima za nyuma. Ile hali ya kutoa muziki uleule spika zote ibakie kwa ajili ya sherehe ya kipaimara, wageni wakiwa wamejaa mpaka barazani.

Turudi mgongoni, juu, kwenye safu ya matundu ya HDMI. Soma kila moja. Moja kati ya hayo, lile la kutokea kwenda kwenye runinga, limeandikwa ARC au eARC. Hili linarudisha sauti ya runinga kwenye risiva kwa waya uleule mmoja, na kwa nyumba ambayo filamu zinatoka kwenye programu zilizo ndani ya runinga yenyewe, ni la lazima. Muuzaji atakwambia bila eARC hupati Atmos. Hapo anakuuzia hofu. Atmos ya Netflix na wenzake inakuja imebanwa, na ARC ya kawaida inaweza kuibeba, mradi runinga na risiva zote mbili zinaitambua. eARC inahitajika kwa sauti isiyobanwa ya diski za Blu-ray, na nina wasiwasi kama kwenye mtaa wako kuna mtu wa pili anayezo. Sauti hiyo ya Netflix, kwa faida ya wenye kuhesabu bando, haizidi kilobiti 768 kwa sekunde, chini ya megabaiti 350 kwa saa. Picha ya 4K ndiyo mlafi, inaweza kufika gigabaiti 7 kwa saa.

Vijana wa PlayStation 5 watauliza habari ya HDMI 2.1. Mwaka 2020 risiva za mwanzo zenye tundu hilo zilitoka na chipu yenye kasoro, picha ya fremu 120 kutoka Xbox Series X ikawa haipiti. Kwa hiyo ukinunua ya mwaka ule kwa mtumba, uliza. Lakini kuna njia isiyo na gharama: chomeka mashine ya michezo kwenye runinga moja kwa moja, sauti irudi kwa ARC.

Na risiva ya zamani isiyo na ARC kabisa, tuitupe? Hata kidogo. Tazama kama ina tundu la waya wa mwanga, lile dogo la mraba lenye kifuniko, limeandikwa OPTICAL. Waya huo unabeba 5.1 bila shida. Ingia kwenye menyu ya runinga, sauti ya kutoka uiondoe kwenye PCM uiweke Dolby Digital au Bitstream, maana ikibaki PCM waya huo utapeleka njia mbili tu. Mimi nikipewa nichague kati ya risiva ya 5.1 ya zamani yenye transfoma nzito, iliyotumika Uingereza, na seti mpya ya boksi moja yenye taa za rangi, sifikirii mara mbili. Zile seti spika zake zina plagi za peke yake na omu za peke yake. Siku sehemu ya kuchezea diski inakufa, vyote vinakwenda jalalani pamoja.

Kama nyumba haina nafasi ya spika tano, nunua saundibaa nzuri uishi kwa amani. Hakuna sheria.

Kitu kingine cha kuulizia ni maikrofoni. Risiva nyingi mpya zinakuja na kimaikrofoni cha kupimia chumba. Unakiweka pale unapokaa, mashine inapiga milio, inapima umbali na kiwango cha kila spika, inajirekebisha. Kwenye mtumba hicho ndicho kitu cha kwanza kupotea. Usikubali cha mashine nyingine, vimepimwa kwa kuoana. Ila usikitarajie kifanye miujiza. Sebule zetu ni saruji, vigae na vioo, na sauti inadunda humo mpaka inachoka yenyewe. Hakuna programu inayofuta mwangwi. Zulia na mapazia mazito vitakusaidia kuliko kulipia modeli ya juu zaidi. Besi nayo ina ukorofi wake: chumba cha mita 4 kina mngurumo wake wa asili karibu na hezi 43, na sabufa ikikaa kwenye kona inauamsha wote. Isogeze kidogo kidogo kandokando ya ukuta, mwenzio akae kwenye kochi akwambie pale ambapo besi imetulia. Spika ndogo uzikatie kwenye hezi 80 kwenda chini, kazi hiyo iachiwe sabufa.

Risiva ikishafika nyumbani iache ipumue. Hii naisema kwa akina mama na akina baba pia: ondoeni kitambaa cha kufuma juu yake. Yale matundu ya juu si urembo, joto linatokea hapo, na mashine inataka upana wa kiganja wazi juu yake, isisokomezwe ndani ya kabati lenye mlango. Weka na stabilaiza au kikata umeme kati yake na ukuta. Umeme wetu unakatika, sawa, tumezoea, lakini kinachoua mashine ni ule unaorudi kwa kishindo. Kuhusu LUKU usiogope sana: hata ikivuta zile wati 430 mfululizo, filamu ya saa mbili haimalizi uniti moja.

Wikiendi inakuja, na najua wapo waliokwisha kutenga hela. Mkienda, daini risiti ya EFD, na muuzaji aandike humo namba kamili ya modeli pamoja na volti kama zilivyo mgongoni, siyo "redio kubwa moja". Mkubaliane kwa maandishi siku za kuijaribu nyumbani kwako, kwa spika zako na umeme wako. Akikataa kuandika, msibishane naye. Mlango wa pili nao unauza risiva.

Usiku mwema.